Mikono ya Mke wa Dobi

Watu walimwita Upanga kwa sababu ya mikunjo ya suruali. Suruali ikitoka kwake, mkunjo wa mbele ulisimama wima toka kiunoni hadi chini, ungedhani ukiugusa utakukata kidole. Wateja walimtania mumewe kwamba analala na silaha kitandani. Mumewe alikuwa Dobi tu. Pale mtaani hakuwa na jina jingine, wala hakulitafuta. Yeye alifua, mke akapiga pasi. Hivyo ndivyo walivyogawana kazi tangu walipooana, na hivyo ndivyo walivyomlea binti yao wa pekee mpaka akapata kazi ya kukata tiketi kituo cha mabasi, akaolewa, akaondoka.

Duka lilikuwa chumba kimoja kirefu. Mbele barabara, nyuma ua. Katikati palikuwa na meza ndefu ya mbao iliyotandikwa blanketi kuukuu na shuka juu yake. Upande wa ua ulikuwa wa nguo chafu, upande wa barabara wa nguo safi. Lakini hakuna nguo iliyokwenda uani kabla haijapita mikononi mwa Upanga. Alipekua mifuko, akapapasa kola, akakwaruza doa kwa ukucha, akalinusa. Kisha akatoa hukumu. Hii sabuni tu. Hii maji ya baridi, ni damu. Hii ilazwe na chumvi, ni mvinyo, na mwenyewe ataapa ni soda. Dobi alifanya alivyoambiwa. Alikuwa hodari wa kusugua na kukamua, lakini kwake doa lilikuwa doa.

Ugonjwa uliingia kwa mlango wa kazi. Ndiyo maana hawakuujua.

Kila dobi anajua joto la pasi. Ukisimama mbele ya moto mchana kutwa, magoti yanalegea, macho yanaingia ukungu, mikono inakuwa mizito. Ni jambo la kawaida, na dawa yake watu wa kazi hii wanafundishana: kunywa maji yenye chumvi kidogo, tia miguu kwenye beseni la maji ya baridi, kaa kimya. Upanga alipoanza kulegea mguu wa kulia, alivuta beseni, akakaa. Mguu ukarudi. Ukungu machoni ukaondoka. Akasimama akaendelea na mashati.

Alisema ameanza kuzeeka kabla ya pasi yake, wakacheka.

Beseni lilifanya kazi kila mara. Hapo ndipo lilipowaponza. Lingeshindwa mara moja tu, wangekwenda hospitali. Lakini mtu anayepona kila jioni nani atampeleka hospitali? Dobi akanunua feni. Akatoboa ukuta, akatia dirisha. Akatupa pasi ya mkaa, akaleta ya umeme. Kazi ya kunyoosha wakaihamishia alfajiri, kabla jua halijapanda. Miaka ikaenda hivyo, wanapigana na joto, na huku mambo yakizidi. Zamani mguu ulilegea mchana, sasa ulilegea asubuhi. Zamani beseni lilihitaji muda wa kunywa chai, sasa lilihitaji muda wa kupika chakula kizima.

Kilichomshtua Dobi kilikuwa sauti. Alikuwa uani anasuuza mashuka ya nyumba ya wageni. Kulikuwa na baridi, na pasi ilikuwa haijachomekwa. Akasikia ndala za mkewe zinakuja. Moja ilipiga sakafu, nyingine ikaburuza. Moja ikapiga, nyingine ikaburuza. Akaacha kusuuza.

Alimuuliza kama ameumia. Mkewe akamtazama kama mtu aliyeulizwa habari za jirani. Hakuwa na habari na mguu wake.

Siku hiyo hapakuwa na joto la kulaumiwa. Dobi alisimama pale maji yanamtiririka mikononi. Tangu hapo alisikiliza. Akifua, alisikiliza. Akianika, alisikiliza. Mburuzo ulikuwa unarefuka, naye alikuwa peke yake anayeusikia.

Halafu ikaja siku ya harufu. Upanga alikuwa anapiga pasi gauni la mteja, ameegemea meza kama ilivyokuwa desturi yake sasa. Akainua pua.

"Nani anaunguza sufu?" aliuliza.

Hapakuwa na sufu. Pasi ya pili, ile ya akiba, ilikuwa imewekwa chini kwenye kitako chake ipoe, na mguu wake wa kulia ulikuwa umeiegemea. Ngozi ya muundi ilikuwa imeshika chuma. Aliinama, akaona, akautoa mguu polepole kwa mikono yake miwili kama anautoa wa mtu mwingine. Hakupiga kelele. Haukumuuma. Ni Dobi aliyepiga kelele.

Hospitali ziliwazungusha. Daktari wa kwanza alisema ni mgongo, kwa kazi ya kusimama. Wa pili alisema ni sukari, akapima, hakuikuta. Mwishowe wakafika kwa daktari wa mishipa ya fahamu, mwanamke kijana, umri wa binti yao, mwenye sauti ya chini inayomlazimisha mtu kunyamaza ili asikie. Alimwingiza Upanga kwenye mashine kubwa ya sumaku inayopiga picha ubongo na uti wa mgongo. Akamtoa maji mgongoni kwa sindano. Akampa ubao wenye vitundu na vijiti vidogo, akamwambia avipachike na kuvitoa, mkono mmoja, kisha wa pili, huku yeye anaangalia saa. Upanga alivipachika upesi kama mtu anayefunga vifungo vya shati la mtoto. Daktari akasema mikono iko vizuri. Alisema kwa namna ambayo Dobi hakuipenda. Alisema kama mtu anayeangalia nyumba iliyo jirani na ile inayoungua.

Jina la ugonjwa lilikuwa refu. Binti yao, aliyekuja siku ya majibu, ndiye aliyelishika: sklerosisi. Dobi lilimpita.

Daktari alivuta waya wa taa ya mezani kwake, akaupitisha kidoleni. Alisema waya una shaba ndani na ganda juu. Ganda likiliwa na panya, umeme unapotea njiani. Ubongo wa mama unatuma habari, habari haifiki mguuni. Hapo Dobi akaelewa. Nyaya za pasi alikuwa amezifunga nyingi maishani mwake.

"Hakuna utepe?" aliuliza. "Wa kuzungushia palipoliwa."

"Utepe bado haujapatikana, mzee. Panya tunaweza kumpunguza kasi. Alipokwisha kula, pameliwa."

"Na huyo panya katoka wapi?"

"Ni kinga ya mwili wake mwenyewe. Imemgeukia."

Neno hilo Dobi aliliogopa kuliko yote. Mwizi wa nje unamfungia mlango.

Upanga akaulizia joto, na beseni. Daktari hakuwacheka. Alisema waya ulioliwa ukipata moto hupoteza zaidi, ukipoa hupata nafuu, kwa hiyo beseni halikusema uongo. Ila panya alikuwa anaendelea kula wakati miguu imo majini. Halafu akaeleza kwamba kuna ugonjwa huu wa aina inayokuja na kuondoka, mtu anaanguka anainuka. Huo wa Upanga haukuwa wa kuondoka. Ulikuwa unakwenda mbele tu, polepole, bila kelele.

Upanga aliuliza utafika wapi. Daktari akamtazama kwanza binti, kisha akamjibu mwenyewe. Miguu ilikwisha kuguswa. Kibofu kingefuata, labda kimeanza, na Upanga akainamisha macho maana kilikuwa kimeanza. Baadaye mikono. Kwa wengine macho, kwa wengine kumeza.

Dawa ilikuwepo. Dripu, kila nusu mwaka, mtu anakaa kitini siku nzima ikimwingia tone kwa tone. Haikurudisha kitu. Haikusimamisha kabisa. Ilichelewesha, na si kwa kila mtu. Lakini mikono, alisema daktari, ndiyo ilikuwa na nafasi ya kufaidi, hata kwa watu ambao miguu imekwishawatoka. Kama wangekuja mapema, nafasi ingekuwa kubwa zaidi. Hili la mwisho alilisema haraka na kulipita.

Upanga aliiweka mikono yake mezani, akaitazama mgongoni na viganjani.

"Miguu chukueni," alisema. "Mikono niachieni."

"Anayechukua si mimi, mama."

"Najua, mwanangu. Lakini wewe ndiye niliyemwona."

Halafu daktari akauliza kazi yao ni nini. Dobi akaeleza: mashuka ya nyumba ya wageni, sare za shule, nguo za watu wa mtaani, na mashuka ya zahanati. Kalamu ya daktari ikasimama hewani. Alisema dawa hii inamtuliza panya kwa kuwalegeza walinzi wote wa mwili, wazuri na wabaya, kwa hiyo kikohozi cha mtu mwingine kinaweza kuwa kitanda kwake. Wangempima kifua kikuu na homa ya ini kwanza, wangemchoma chanjo. Na nguo chafu asiziguse tena. Asipekue, asichambue, asinuse.

Upanga alicheka mpaka binti yake akamgusa bega. Alisema ameelewa. Anapewa mikono, kisha anaambiwa aivue aiweke kabatini.

Nyumbani walimkuta shemeji anawangoja. Huyu alikuwa mdogo wake Upanga, dereva wa teksi, mtu anayepiga chuku tangu utotoni. Abiria walimjaza habari, naye alizigawa bila choyo. Alikuwa na habari ya hospitali fulani ng'ambo. Wanachota mbegu kwenye mfupa wako mwenyewe, wanazipika, wanakurudishia mgongoni. Alimjua mtu anayemjua mtu aliyepelekwa huko amebebwa, akarudi anatembea.

"Alirudi anatembea kuelekea wapi?" dada yake alimuuliza.

"Dada, mimi nakuletea uzima, wewe unaleta mzaha."

"Anza na kitambi chako. Wakikitoa hicho, nitakuja kwa kutambaa."

Walicheka, lakini Dobi aliona macho ya mkewe yamebaki kwa yule mtu anayetembea. Kwa hiyo safari iliyofuata alimuuliza daktari. Alijibiwa bila kubezwa. Utafiti wa mbegu hizo, yaani seli changa za mfupani, upo, alisema daktari, kwenye hospitali ambako mgonjwa hulindwa na halipishwi, na kwa aina ya ugonjwa wa Upanga bado haijajulikana kama zinafaa. Na wapo wanaouza tu. Shemeji aliposikia alinuna. Akaahidi kumtafuta yule mtu amlete kwa miguu yake. Baada ya muda akaacha kumtaja. Dobi alipomuuliza, shemeji alitazama usukani wa gari lake. Alisema amefika mpaka kwao. Nyumba imefungwa na majirani hawasemi.

Kabla ya dripu kulikuwa na vidonge. Mguu wa kulia ulikuwa umeanza kukaza kama ubao, ukiruka wenyewe chini ya meza na kupiga teke viatu vya wateja. Daktari akampa vidonge vya kulegeza misuli. Vilifanya kazi vizuri mno. Asubuhi moja Upanga alisimama kutoka kitandani, na mguu, kwa mara ya kwanza baada ya miezi, ulikuwa laini. Akaanguka chini kama nguo iliyotoka kwenye kamba. Kumbe ule mkazo ndio uliokuwa unamsimamisha. Vidonge vikapunguzwa, mtaalamu wa viungo akaja na mazoezi yake, akamfundisha kuinuka kwa kutumia ule mkazo kidogo uliobaki. Dobi alitazama akajifunza jambo: hata ubaya wa ugonjwa huu ulikuwa umeshika nguzo ya nyumba. Ukiung'oa bila hesabu, paa linakuja.

Dawa ya dripu iliwachelewea, vibali vikazunguka, binti akasimama kwenye madirisha ya ofisi mpaka bima ikakubali. Tone la kwanza lilipoingia, Upanga alianza kukuna shingo. Koo likamwasha. Muuguzi akapunguza kasi, akaongeza sindano ya kuzuia mzio, ikapoa. Dobi alikaa pembeni na kofia mapajani. Mfuko ule wa maji meupe ulionekana hauna kitu ndani. Aliukodolea macho mchana kutwa kama mtu anayemchunga mgeni asiyemwamini.

Basi maisha yakagawanyika kwa ile meza.

Dobi aliiachia zahanati kazi yake, wampe mwingine. Upanga alikaa upande wa barabara kwenye kiti cha magurudumu, maana miguu haikungoja dripu. Alikunja, alifunga vifungo, alinyoosha kola kwa pasi ndogo huku feni inampuliza. Mikono ilikuwa ileile. Mkunjo ulikuwa uleule. Kazi ya kuchambua ikamwangukia Dobi, na hapo ndipo wateja walipoanza kupungua. Alisimama ng'ambo ya meza ameinua shati, na mkewe anauliza doa ni la nini.

"La kahawia."

"Kahawia ya chai, ya kutu, au ya matope?"

"Kahawia ya... kahawia."

"Lete ninuse."

"Imekatazwa."

"Basi nusa wewe unieleze."

Alinusa. Alisema inanuka shati. Upanga akajifunika uso kwa viganja, mabega yakamtikisika. Dobi alidhani analia, kumbe anacheka. Siku nyingine alilia kweli. Joho la mwanakwaya lilirudi na baka jeupe kifuani kwa sababu ya dawa ya madoa, na mwenyewe alisimama mlangoni akasema zamani hapa palikuwa na fundi.

Kila nusu mwaka walirudi kwenye kile kiti. Kila mara daktari alitoa ubao wa vijiti. Dobi alijifunza kutotazama saa ya daktari, alitazama uso wake. Uso ulikuwa unatulia. Mikono inashika. Magongo aliyotumia chumbani yalikwisha, kusimama kulikwisha, mpira wa mkojo ulikuja, na bado vijiti viliingia kwenye vitundu vyake upesi upesi. Upanga alimwambia daktari kwamba huyu panya amekula chini, sasa amefika kwenye mlango wa juu anabisha.

"Usimfungulie," alisema daktari.

"Nimekaa nyuma ya mlango, mwanangu. Kwa makalio yote."

Ikaja homa ya mkojo, ikatibiwa. Ikaja nyingine. Kisha kikaja kikohozi.

Kililetwa na nani? Dobi alijiuliza mpaka kichwa kikauma. Mkewe hakuvuka meza. Mlango wa mbele walikuwa wameufunga nusu. Wateja waliokohoa waliombwa wasimame nje. Halafu siku moja alikuwa anambeba kumtoa kitini kumweka kitandani, na Upanga akaegemeza uso kifuani kwake kama kawaida, pua kwenye shati. Lile shati alikuwa amekumbatia nalo mashuka ya nyumba ya wageni tangu asubuhi. Dobi alisimama katikati ya chumba na mkewe mikononi, hana pa kumweka. Meza ilizuia nguo. Yeye alikuwa anapita.

Huenda haikuwa hivyo. Kikohozi kina njia nyingi, na daktari alimwambia hakuna anayeweza kujua. Lakini tangu hapo alibadili shati kabla ya kumgusa, akajisugua mpaka viwiko vikachubuka.

Kikohozi cha pili kilimlaza hospitali. Alipotoka, sauti yake ilikuwa imebaki nusu. Daktari aliwaita, akafunga mlango, akasema kwa ile sauti yake ya chini kwamba kinga ya mama imeshuka sana. Sasa walikuwa na njia mbili, na hakuna iliyokuwa nzuri. Wakiiacha dripu, walinzi wa mwili wangerudi taratibu, kifua kingepata nafuu. Lakini panya naye angerudi, na aliyemngoja mlangoni ni mikono. Wakiendelea, mikono ingeweza kushika muda zaidi, na kikohozi kingine kingeweza kumwondoa. Alisema yeye ana maoni yake, angependa wapumzishe dawa. Lakini mwili ni wa mama.

Njiani shemeji aliendesha teksi kimya, na hilo peke yake lilitisha.

Nyumbani Dobi alimweka kitandani, akakaa kwenye kigoda. Hakuwa mtu wa maneno. Alitafuta ya kuanzia, hakuyapata, akaanza na la mwisho.

"Tuiache."

"Halafu?"

"Upumue."

"Nikupumulie tu? Umenilisha, umenivisha, umenisafisha. Mashuka ninayochafua sasa ni yangu, mimi ndiye mteja wako mkubwa. Kitu ninachofanya mwenyewe duniani ni hiki." Akaifungua mikono yake. "Kikiondoka, nitafanya nini na hiyo pumzi?"

"Utakuwepo."

Nje mtu alikuwa anagonga mlango akitaka sare zake, hakuna aliyekwenda kumfungulia.

"Haya," alisema Upanga. "Nusu mwaka mmoja. Kwa ajili yako."

Wakaipitisha zamu moja bila dripu. Kifua kikatulia. Rangi ikamrudia usoni, akapata hata nguvu ya kumtukana shemeji yake Dobi, yaani mdogo wake mwenyewe, kwa kuja mikono mitupu. Dobi alianza kulala usingizi. Akauza mabeseni, akakataa nguo chafu kabisa, akabaki kupokea zile tu ambazo watu wamefua makwao wanataka zinyooshwe. Uani kukawa kukavu. Alijisemea kwamba wamepata upenyo.

Halafu kifungo kikaanguka. Kilikuwa kifungo kidogo cha mkono wa shati, Upanga alikuwa anakifunga kabla ya kukunja. Kilimtoka kwenye kidole gumba cha kushoto. Akakirudia, kikamtoka. Alikitazama kidole kile kwa namna ambayo Dobi aliwahi kuiona, siku ile alipouangalia mguu wake kama wa jirani. Kisha akalikunja shati hivyohivyo, kifungo wazi, akaliweka kwenye rundo. Wote wawili waliona.

Kwa daktari vijiti vilianguka. Mkono wa kulia vizuri. Mkono wa kushoto kimoja, kisha kingine, vikidunda sakafuni. Daktari aliinama akaviokota mwenyewe, akakaa navyo kiganjani.

Upanga hakumtazama daktari. Alimtazama mumewe.

"Nilikupa nusu mwaka," alisema. "Sasa nipe wangu."

Dobi alitikisa kichwa kukubali. Hakujua kama amekubali kwa mapenzi au kwa kukosa la kusema, na tofauti ya hayo mawili hakuiona.

Dripu ikarudi. Muuguzi aliufunga mkanda mkononi, akatafuta mshipa, akaupata kwa shida. Tone likaanza. Kidole gumba hakikurejea kuwa kama zamani, lakini hakikuendelea kufa. Kilibaki pale kilipofika, kizembe kidogo, na Upanga akajifunza kufunga vifungo kwa kukitumia kama ukuta tu, kazi yote ikafanywa na vidole vingine. Akawa anajisifu. Aliwaambia wateja wachache waliobaki kwamba ana mfanyakazi mmoja mvivu, lakini hajamfukuza.

Majira ya baridi yalipoingia, watu wote mtaani walikohoa. Dobi alifunga mlango wa mbele kabisa. Alitia matambara chini yake. Lile dirisha alilolitoboa kwa mikono yake akaliziba kwa bati. Aliketi na mkewe ndani, taa imewaka mchana, wakisikiliza watu wakikohoa wanapita barabarani. Wengine walikohoa karibu sana na ukuta.

Hakujua siku kikohozi kilipoingia. Asubuhi moja Upanga alikataa chai. Mchana pua zake zilikuwa zinapanuka akivuta hewa. Shemeji alikuja na teksi bila mzaha wowote, akambeba dada yake mwenyewe.

Wodini walimwekea hewa ya oksijeni usoni. Dawa za mshipani ziliingia, moja ikashindwa, wakabadili. Daktari wa mishipa alikuja ingawa haikuwa wodi yake. Alimgusa Upanga viganja, akamwambia abane. Upanga akabana, wa kulia, kisha wa kushoto. Daktari alisema mikono bado ina nguvu, akatoka haraka. Binti alikuwa njiani.

Dobi alikuwa amevaa kwa pupa. Shati lake lilikuwa limefungwa vibaya, kifungo cha juu kwenye tundu la pili, upande mmoja wa kola umepanda mpaka sikioni. Hakuwa na habari. Mkewe alimwona. Hakuwa na pumzi ya kusema, akaita kwa kidole. Dobi akainama akidhani ana neno.

Upanga alianza kufungua vifungo. Alifungua vyote kimoja kimoja toka juu hadi chini, akipumzika katikati, barakoa ikijaa ukungu na kukauka. Muuguzi alisogea akataka kumrudisha mikono chini ya shuka ili asijichoshe. Dobi akamzuia kwa jicho. Kisha Upanga akaanza kufunga, toka chini kwenda juu, kila kifungo na tundu lake. Mgongo wa Dobi uliuma kwa kuinama, hakusogea. Kifungo cha shingoni kilichukua muda. Alipokimaliza aliilaza kola kwa viganja vyote viwili, akaibana, akaachia.

Alifariki kabla binti hajafika. Dobi alikaa na lile shati mwilini mpaka walipomwambia aende nyumbani, na alipofika nyumbani hakulivua.